Pazia la Mabilioni
Mwisho wa 2021, mabwana wa kampuni ya uwekezaji ya 3G Capital walikubali kununua asilimia 75 ya Hunter Douglas, kampuni ya Rotterdam inayoyafunika madirisha ya dunia, kwa bei iliyoithamini yote takriban dola bilioni 7. Machi 2022, benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Hongera, mabwana, kwa kulivizia soko! Kufikia Oktoba 2023 riba ya mkopo wa nyumba huko ilikaribia asilimia 8. Aliyekopa zamani kwa asilimia 3 hahami ng'o, na asiyehama ana dirisha gani jipya la kupima? Mteja wa uhakika aliyebaki ni anayejificha asionwe na wadai. Naye, bahati mbaya, pazia analitaka kwa mkopo.