Mzee, Hapo Weka Nukta

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zina sentensi moja ya kumwamsha fundi wa kompyuta kabla hajanywa chai: "Fundi, mtandao haupo." Haijalishi kilichoharibika ni nini. Printa ikikwama, mtandao haupo. Mhasibu akisahau nywila, mtandao haupo. Fundi naye ana orodha yake ya washukiwa. Wa kwanza ni umeme, wa pili ni waya uliokanyagwa na kiti, wa tatu ni kampuni ya intaneti, ambayo hulaumiwa hata siku isiyo na kosa. Mshukiwa wa mwisho, anayekumbukwa jua likiwa limeshazama, ni DNS. Mara nyingi ndiye mwenye hatia.

Dalili zake zinajulikana. Fundi akiijaribu seva ya Google kwa namba, 8.8.8.8, majibu yanarudi bila kukawia. Akiandika google.com, kimya. Njia ipo, jina halijulikani. Kompyuta zinatafutana kwa namba, binadamu anakumbuka majina, na DNS inakaa katikati kama orodha ya majina kwenye simu: ikifutika, watu wote wako hai na laini zao zinaita, ila huwezi kumpigia hata mama yako.

Zamani orodha hiyo ilikuwa faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa California na timu ya Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI. Aliyetaka kompyuta yake iingizwe aliwaomba wao, na vituo vingine vyote vikanakili. Mtandao ulipokua, maji yakazidi unga, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambamo kazi imegawanywa: walio juu wanajua tu nani anashika .tz, anayeshika .tz anajua wa kumuuliza kuhusu kikoa chako, na hivyo hivyo hadi chini.

Faili la zamani halikufa. Kila seva ya Linux ina mjukuu wake, /etc/hosts, na Windows ina wake. Kwa kawaida kompyuta humsikiliza mjukuu huyo kwanza, ndipo iulize DNS. Humo ndimo mafundi huandika mistari "ya muda tu". Mfumo wa mishahara unahamishiwa seva mpya, fundi anaweka jina na anwani kwenye kompyuta ya mhasibu ili wajaribu, kazi inaisha, mstari unabaki. Siku seva ikibadilishwa anwani, DNS inarekebishwa vizuri kabisa, ofisi nzima inaendelea na kazi, isipokuwa mhasibu, ambaye kompyuta yake bado inaitafuta mashine iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Na hiyo ni tarehe ishirini na nane ya mwezi.

Faili jingine lenye vituko linaitwa resolv.conf. Maelekezo ya miaka mingi yanasema: lifungue, andika nameserver 8.8.8.8, hifadhi. Fundi anafanya hivyo, majina yanafunguka, anapongezwa, ananunuliwa soda. Umeme ukikatika na seva ikiwaka upya, alichoandika hakipo. Katika Ubuntu za kisasa faili hilo ni kiungo tu. Mwenye nalo ni programu iitwayo systemd-resolved, ambayo huliandika upya na kuweka anwani yake yenyewe, 127.0.0.53. Juu kabisa ya faili kuna onyo kwamba lisihaririwe kwa mkono. Onyo hilo husomwa soda ikiwa imeshaisha.

Mahali panapostahili kuandika anwani hiyo ni kwenye faili la Netplan, programu ya mipangilio ya mtandao iliyoanza kuwa utaratibu wa kawaida wa Ubuntu katika toleo la 17.10, mwaka 2017. Netplan haina utani. Mistari husogezwa ndani kwa nafasi, kamwe si kwa kitufe cha tabu, na iliyo ya ngazi moja lazima ilingane. Nafasi moja ikizidi pasipotakiwa, faili zima linakataliwa. Halafu kuna jina la kadi ya mtandao. Wakongwe wamezoea eth0, seva mpya inajiita enp3s0, na aliyenakili mipangilio ya seva ya zamani anajikuta ameipa anwani nzuri kadi ambayo haipo.

Hayo yanavumilika seva ikiwa mezani. Balaa ni seva ikiwa Dodoma na fundi yuko Dar es Salaam. Fundi mmoja wa ofisi ya maeneo ya Posta aliingia kwa mbali, akabadilisha anwani, akakosea tarakimu moja ya anwani ya ruta, akabonyeza Enter. Skrini ikaganda. Alikuwa amejifungia nje. Kufika saa ya kufunga kazi, Dodoma alikuwa amebaki mlinzi peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Habari za huko Dar?"

Habari zilikuwa mbaya, lakini salamu zikakamilishwa. Mzee akaelekezwa chumba cha seva, akawasha skrini, akaandika jina la kuingilia kwa kidole kimoja.

"Sasa andika nywila, mzee."

"Kijana, kibodi imekufa. Nabonyeza, hakitokei kitu."

Haikuwa imekufa. Kwenye skrini ile Linux haionyeshi hata nyota mtu anapoandika nywila, na mzee alikuwa ameshaiandika mara kadhaa mfululizo. Wakaanza upya, fundi akiitaja nywila ya seva kwa sauti ndani ya daladala iliyojaa: "Y kubwa. A. N. G. A."

Upande wa pili kukawa kimya.

"Hii ni Yanga?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni Simba. Hamna nyingine?"

Walipomaliza mazungumzo hayo, ikaja zamu ya anwani. "Moja, tisa, mbili, halafu weka nukta." Mzee akataka kujua kama nukta ni ile yenye mkia au isiyo na mkia. Kesho yake fundi alipanda treni ya SGR, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, akasafiri kubadilisha tarakimu moja. Njiani alipata wasaa wa kusoma kuhusu amri ya netplan try, ambayo hurudisha mipangilio ya zamani usipothibitisha mipya ndani ya sekunde 120.

Anayemcheka akumbuke tarehe 4 Oktoba 2021. Jioni hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka kwa takriban saa sita, na watu wakazima na kuwasha simu wakidhani bando limeisha. Wahandisi wa Facebook walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida. Amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na programu ya kuzuia amri za namna hiyo ilikuwa na hitilafu. Seva zao za DNS zilipoona haziwezi kuvifikia vituo, zikajiondoa zenyewe kwenye ramani ya intaneti. Kuingia kwa mbali kukashindikana. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye mashine, ambako ulinzi ulikuwa mkali kiasi cha kuwachelewesha hata wenyewe. Hawakuwa na mzee wa kumpigia.

Sweden ndiko nukta ilikolipiza kisasi. Katika faili la DNS, jina kamili humalizika kwa nukta. Ikikosekana, seva hudhani jina limekatwa njiani na hulimalizia kwa kubandika kikoa tena, hivyo mfano.co.tz hugeuka mfano.co.tz.mfano.co.tz. Tarehe 12 Oktoba 2009, programu ya kuandaa faili la .se iliacha nukta hizo. Vikoa takriban 900,000, karibu vyote vya nchi hiyo, vikaacha kupatikana.

Kosa lilirekebishwa ndani ya kama saa moja, lakini majibu mabaya yalikuwa yameshahifadhiwa na seva za watu wengine. Kila jibu la DNS huja na muda wake wa kukaa kwenye kumbukumbu, na sekunde 86,400, yaani siku nzima, si muda wa ajabu. Hapa ndipo mafundi hukosana na mabosi. Tovuti inafunguka kwenye simu ya bosi, haifunguki kwenye kompyuta ya ofisini.

"Fundi, si ulisema imepona?"

"Imepona, bosi. Bado haijasambaa."

Mafundi waliokomaa hupunguza muda huo hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla ya kubadilisha chochote. Kazi yenyewe ni kufuta tarakimu chache na kuandika nyingine, halafu kwenda nyumbani mapema. Kwenye ankara huiita "maandalizi ya DNS", na mhasibu huikwamisha mezani kwake, akiuliza hiyo DNS ni kitu gani hasa, maana tangu aajiriwe hajawahi kuiona ikiharibika. Kinachoharibika siku zote ni mtandao.