Hiari yenye Makato

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mtumishi uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi au kukaa nje. Askari wa jeshi (JWTZ), Polisi na Magereza wako nje ya sheria hiyo. Kwao suala ni amri, si mjadala.

Katika vijiji vya Msimbati na Mahurunga, mkoani Mtwara, mwajiri ni mmoja, halmashauri, lakini milango ya vyama ni mingi. Mwalimu kwa kawaida hukutwa CWT, chama cha walimu; mtendaji wa kijiji TALGWU, cha serikali za mitaa; muuguzi TALGWU au TUGHE, cha serikali na afya, kutegemea nani alifika kwanza na fomu. Menejimenti ya juu hairuhusiwi kuwa katika chama cha wale inaowaongoza, na busara yake iko wazi: mkurugenzi akidai posho, barua angejiandikia mwenyewe.

Chama chenye wanachama wengi katika eneo la majadiliano ndicho huwasemea wote, wakiwemo waliokikataa. Hapo ndipo uhuru unapopata bei. Asiyejiunga halazimishwi kamwe kuwa mwanachama. Hukatwa tu ada ya uwakala, ambayo sheria, kwa huruma, imekataza isizidi ada ya mwanachama. Tofauti inayobaki ni kura, na fulana ya Mei Mosi.

Mishahara yenyewe? Mwaka 2025 kima cha chini serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Aliyekitangaza, kwenye Mei Mosi ya Singida, hakuwa katibu wa chama chochote: alikuwa Rais, yaani upande wa mwajiri.