Pazia la Kupima, Jua la Bure
Mwenye nyumba wa Masaki huweka ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi, aione Ghuba ya Msasani. Jua la saa kumi likishamkalia sebuleni, humwita fundi aje na futi. Pazia la kuviringisha hukatwa kwa kipimo cha milimita. Rangi, bila shaka, nyeusi, ifanane na sofa.

Nyeusi hunywa joto. Kitambaa cheupe hurudisha mwanga kiooni, na chenye matundu ya asilimia 3 ya eneo lake bado humwachia ghuba yake kwa kiasi. Tena pazia la ndani hulikuta jua limeshaingia. La nje hulizuia kabla halijagusa kioo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una madirisha ya luva za mbao kwa miaka mingi, na hakuna aliyeletewa katalogi.

Kiyoyozi kinanguruma. Pazia jipya limeviringishwa juu: wageni wanakuja, lazima waione ghuba.