Karavani ya Shangazi Haina Haraka

Tingatinga zilipopita Kibera Julai 2018 kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, kibanda cha chipsi cha shangazi yangu kiligeuka kuni kabla hajamaliza kuokoa sufuria. Alikaa juu ya gunia la viazi, akatazama vumbi likitulia, kisha akatangaza kwamba kibanda chake kijacho kitakuwa na magurudumu. Wakija tena, alisema, watakuta tumeshaondoka.

Ndivyo karavani ilivyoingia katika ukoo wetu. Si trela ya kuchomelewa na mafundi wa jua kali, la. Ni karavani halisi, ile nyumba ndogo nyeupe ambayo Waingereza huivuta nyuma ya gari wakienda kunyeshewa kando ya bahari baada ya kuchoka kunyeshewa nyumbani. Mwenyewe alikuwa ameiacha Karen akarudi kwao, nayo ikauzwa bei ya kutupa. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunjwa kikawa meza, mapazia ya maua, na kabati lenye matundu ya kushikilia glasi za mvinyo zisianguke njiani. Shangazi alijaribu chupa ya tomato sosi kwenye tundu mojawapo, ikaingia sawasawa, akalipa. Karavani ikaegeshwa Makina, hapo hapo Kibera, kando ya kichochoro cha kwenda soko la Toi, breki ya mkono ikavutwa hadi mwisho, mafuta yakabandikwa jikoni.

Miaka ikapita. Mwaka jana, asubuhi moja, tukaikuta alama ya X nyekundu ubavuni mwake. Mkazi wa Nairobi haelezwi maana ya X nyekundu. Majirani walianza kumpa pole ya kubomolewa, lakini Shangazi alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameingoja ile X tangu 2018. Alikuwa hata na mahali pa kwenda: ploti ndogo Kawangware, karibu na sehemu iitwayo Congo, ambapo mwenye ploti alikubali kumkodishia kona. "Niitie mtu wa Canter," akaniambia, akaanza kufunga vijiko kwenye leso.

Canter ikaja, mnyororo ukafungwa, injini ikanguruma, moshi ukajaa kichochoro. Karavani ikainamisha pua kidogo, basi. Dereva akaongeza moto. Kitu kililia "kra!" na wote tukashangilia, kumbe ni bampa ya Canter.

Akaitwa fundi. Alilala chini na tochi ya simu, akakaa huko kimya muda mrefu kiasi cha kututia wasiwasi, kisha sauti yake ikatoka chini ya sakafu: "Mathe, nani alivuta hii handibreki?" Akaeleza kwamba gari likiegeshwa muda mrefu na breki ya mkono imevutwa, viatu vya breki hushikana na ngoma yake kwa kutu, na hapo unaweza kuachilia breki utakavyo, gurudumu halijui kama umeachilia. Dawa yake ni nyundo. Aligonga ngoma pande zote kwa subira ya daktari wa meno, akamwaga mafuta, akagonga tena, mpaka vikaachia. Miguu minne ya kona, ile inayoteremshwa ili karavani isiyumbe, ilikuwa imeganda pia. Hiyo aliikata kwa msumeno bila hata kutuuliza.

Matairi yalibaki. Kutoka nje yalionekana mazima kabisa, kwa sababu sehemu kubwa yake haikuonekana. Yalikuwa yamezama. Vijana wa mtaa wakaleta majembe, na hapo ndipo nilipopata elimu ambayo sikuilipia karo. Udongo wa Kibera si udongo tu, ni kumbukumbu. Juu kabisa tulikuta vipande vya mabango ya wagombea wa Agosti 2022, wote wakitabasamu kwenye tope bila ubaguzi wa vyama. Chini yao zikaja barakoa za korona. Tulipoanza kung'oa mifuko ya plastiki, kijana mmoja akasema tusimamishe jembe kwanza, tumefika 2017, maana mifuko ile ilipigwa marufuku Agosti mwaka huo. Tukaendelea. Mfuko wenye tembo wa Nakumatt ulitoka mzima, rangi zake zote zikiwako, na mama mmoja akauomba akaufue. Duka lenyewe limekufa, mfuko unadunda. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekalia kadi za salio la simu za Bamba zilizokwanguliwa, na kijana yule yule akaziokota zote akazikagua moja moja, pengine kuna aliyesahau kuingiza namba.

Kufikia mchana fundi alitangaza kwamba karavani iko huru. Alikosea. Chuma ndicho kilichokuwa huru.

Kumbe kwa miaka yote hiyo, wakati sisi tukiiona kama gari linalosubiri safari, mtaa uliiona kama ukuta. Kinyozi wa kushoto alikuwa amepitisha waya wa stima juu ya paa letu, na kioo chake kikubwa kilining'inia kwenye msumari uliopigiliwa ubavuni mwetu, upande wa pili wa sosi. Mama mboga wa kulia alifunga turubai lake kwenye mpini wa dirisha. Kamba tatu za nguo zilianzia kwetu zikaishia kwa watu tusiowajua. Mzee wa nyumba kumi akaja na daftari, akasema kwamba akimweleza mgeni njia husema "ukifika karavani, pinda kulia," na sasa akauliza kwa upole kabisa, watu watapindia wapi?

Kesi ngumu ilikuwa ya kuku. Chini ya sakafu yetu, nyuma ya ekseli, kuku wa bibi jirani alikuwa ameatamia. Fundi alikuwa amegonga nyundo asubuhi nzima na yule kuku hakuinuka hata mara moja. Bibi, Mnubi mzaliwa wa Makina ambaye babu zake walipewa ardhi hii na Waingereza walipotoka jeshini, hakupandisha sauti. Alisema kuku huatamia siku 21, zimebaki tisa, na yeye ameshaona watu wengi wakiahidiwa kuhamishwa Kibera wakangoja miaka. Mwanangu, siku tisa ni nini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Shangazi, ambaye hakuwahi kumwogopa askari wa jiji, alimwogopa bibi. Mazungumzo yalifanyika kwa chai na mandazi. Mwishowe kuku, mayai na kiota chake viliinuliwa pamoja juu ya sinia, vikawekwa chini ya kiti cha kinyozi, na kinyozi akakubali kwa sharti kwamba turubai la mama mboga lifungwe upande wake, ili naye apate kivuli. Mama mboga alikubali kwa sharti lake kuhusu kamba za nguo. Nilipoteza mfuatano baada ya hapo. Ninachojua ni kwamba mikutano ya amani ya nchi nzima imewahi kuvunjika kwa mambo madogo kuliko yale.

Siku ya kusukuma, watu walikuja wengi ajabu. Nilidhani ni mapenzi. Kisha nikaanza kuzitambua sura: hawa ndio wale ambao majina yao Shangazi huyaandika kwa makaa ndani ya mlango, jina, chipsi ya hamsini, tarehe. Sijawahi kuona watu wakisukuma kwa moyo namna ile. "Haraaambee!" "Heeei!" Kila jina kwenye ule mlango lilikuwa na bega kwenye karavani. Shangazi alichungulia dirishani, akawaangalia mmoja mmoja, akasema, "Sukumeni tu, wanangu. Mlango unaenda na deni." Kasi ikapungua waziwazi, lakini tayari tulikuwa barabarani.

Fundi alichomelea kichwa cha chuma nyuma ya Canter, tukashika Ngong Road kupitia Adams, tukapita Dagoretti Corner kuingia barabara ya Naivasha. Shangazi alikataa katakata kukaa mbele na dereva. Alisema mafuta ya kukaangia yatamwagika asipokuwepo kuyashika. Karibu na Kawangware askari wa trafiki akatusimamisha. Alizunguka karavani akitafuta namba, maana Kenya trela huwa na namba yake inayoanza na herufi Z. Yetu ilikuwako, ila ilikuwa imefunikwa na bango lenye picha ya kuku na bei. Akagonga dirisha. Likafunguliwa. Shangazi, kwa mazoea ya miaka, akamwuliza kabla hajamtazama: "Ya ngapi, baba?"

Askari alifungua kinywa, akakifunga. Nafikiri alitaka kusema mia. Alisema tutoe bango na mama ashuke akae mbele na dereva, kisha akatuambia twende.

Kule Congo tairi la kulia lilipasuka mita chache tu kabla ya lango. Halikuwa na kosa. Tairi lililosimama juani miaka mingi huzeeka hata lisipotembea. Mwenye ploti alitazama gurudumu, akatazama mteremko, akasema hataki kitu chenye magurudumu juu ya mteremko wake, kiwekwe juu ya matofali. Mtu wa mkokoteni, aliyekuwa ametufuata kutoka kona ya mwisho bila kusema neno, akasogea. Macho yake yalikuwa kwenye ekseli. Mikokoteni ya Nairobi hutengenezwa kwa ekseli kuukuu za magari, na hii ilikuwa imepigwa grisi asubuhi ile ile. Wakapatana. Shangazi akaiuza ile ekseli, ule ujanja wake wote wa 2018, kwa bei ya magunia mawili ya viazi.

Kesho yake tulihitaji kubebewa matofali kutoka barabarani. Yule bwana akaja na mkokoteni mpya, akataka shilingi 300.

"Mia tatu?" Shangazi akamaka. "Na ekseli ni yangu!"

"Ilikuwa, mathe," akasema, akishika mpini. "Sasa iko kazini."