Saba Hadi Moja: Kumlisha Nyoka kwa Kipimo, Si kwa Huruma

Wanaofuga nyoka Ulaya na Marekani wana vipenzi vyao. Yupo chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayejikunja akawa mpira. Yupo nyoka wa mahindi wa kusini-mashariki mwa Marekani. Na yupo jirani yetu, boa wa mchanga wa Kenya, ambaye vizazi kwa vizazi sasa huzaliwa ng'ambo bila kukanyaga mchanga wa kwao. Wote watatu hula panya, na wote watatu huumizwa na watu wanaowapenda, kwa sababu huruma haijui gramu. Basi tuhesabu kushuka chini. (Msomaji wa Kenya: kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi, kwanza; nyoka baadaye.)

7. Mjue mlaji kabla ya kununua mlo
Si kila nyoka ni wa panya. Dasypeltis, anayepatikana pia Afrika Mashariki, hula mayai ya ndege tu. Meno karibu hana. Yai hulipasulia kooni kwa mifupa ya uti wa mgongo, akameza ute na kiini, kisha akatema ganda. Mletee panya mnono kuliko wote mjini, hatamtazama mara mbili. Kuna nyoka wengine wanaokula samaki, ila wasilishwe samaki wa dhahabu kila siku, maana wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Naye nyoka mfalme wa Marekani hula nyoka wenzake: ukimpa wa kuishi naye, umempa wa kumla.

6. Panya mwema ni wa friza
Panya hai ana meno na hana nia ya kuliwa. Mwache usiku mmoja na nyoka asiye na njaa, asubuhi utakuta mgongo wa nyoka umetafunwa. Nunua panya waliogandishwa, waliouawa bila mateso. Panya wa friza hajawahi kumng'ata mtu.

5. Myeyushe taratibu, mpashe moto vizuri
Mtoe kwenye friza, alale ndani ya friji usiku kucha akiwa kwenye mfuko. Kesho yake mtumbukize na mfuko wake katika maji ya moto kiasi, hadi mwili ufikie joto la panya aliye hai. Maikrowevu hapana: huivisha huku, huacha barafu kule, na tumbo hupasuka. Joto lina maana yake, kwani chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na panya baridi kwake si windo. Mpe kwa koleo refu ili asikosee shabaha akashika kidole. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu baridi ya friza haiui salmonela. Bakuli la panya lisirudi kwenye kachumbari!

4. Pima kiwiliwili, usipime mdomo
Panya asizidi sana unene wa sehemu pana kabisa ya mwili wa nyoka. Kwa mizani, nyoka anayekua hupewa mlo wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na mzima hupewa pungufu ya hapo. Nyoka wa mahindi aliyeanguliwa juzi huanza na kitoto cha panya kisicho na manyoya. Boa wa mchanga dume hubaki mdogo maisha yake yote, wakati jike humpita mbali, kwa hiyo wasipakuliwe sawa. Taya la nyoka hukubali mengi ambayo tumbo halijakubali.

3. Kalenda yake si yako
Mtoto hula kila siku 5 hadi 7. Anayekua, kila siku 7 hadi 10. Nyoka wa mahindi mzima, kila siku 10 hadi 14. Chatu mzima, wiki 2 hadi 4. Hana staftahi, hana daku. Ukiona mikunjo ya mafuta karibu na mkia na ngozi imeachana kati ya magamba, punguza. Ukiona uti wa mgongo umechongoka, ongeza, na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka.

2. Akishameza, mikono mfukoni
Usimshike kwa saa 48 angalau. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kuwa misuli ya moyo wa chatu wa Burma huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo. Kazi ya namna hiyo haitaki kubebwa kuonyeshwa wageni, picha itasubiri. Inataka joto: kwa chatu, upande mmoja wa tangi uwe nyuzi 31 hadi 33. Bila joto, panya huoza tumboni na kutapikwa. Akitapika, mpumzishe wiki mbili, kisha anza na mlo mdogo. Akirudia, daktari.

1. Akikataa, usimlazimishe
Hapa ndipo wafugaji wengi hupoteza usingizi. Chatu mzima mwenye afya anaweza kufunga miezi kadhaa, hasa msimu wa baridi. Macho yakiingia ukungu, anajiandaa kuvua gamba; mwache amalize. Kagua joto, kagua kama ana pa kujificha, halafu mpime. Uzito ukisimama, mjaribu tena baada ya siku 10 au 14. Kumsumbua kila jioni kunamzidishia kukataa tu. Uzito ukishuka wiki baada ya wiki, au mdomo ukitoa mapovu, usingoje kesho.

Ndiyo maana daftari linashinda huruma. Andika tarehe, uzito wa panya, uzito wa nyoka, alikula au alikataa. Mstari wa kwanza uandike leo, kabla panya hajatoka friza.