Kwa Heshima ya Kuchelewa

Katika sherehe ya harusi Dar es Salaam kila mtu hushukuriwa. MC huwashukuru wazazi wa pande zote mbili, kamati, wapishi, mpambaji wa ukumbi, wapiga picha, hata vijana waliopanga magari nje. Kuchelewa peke yake, ambako hufika ukumbini kabla ya wote na kukaa meza kuu mpaka maharusi waingie, huondoka na lawama tu. Udhalimu huo umedumu vya kutosha. Nasema, tena kwa akili timamu, kwamba ratiba iliyochelewa ni bora kuliko iliyofuatwa, kwa sababu kuchelewa ndiyo mamlaka pekee iliyobaki nchini yenye ubavu wa kumnyang'anya MC kipaza sauti.

Ichukueni ratiba yenyewe, ile anayoichapa katibu baada ya vikao vya Jumapili visivyohesabika. Saa 12:00 jioni, wageni kuwasili. Saa 12:45, wazazi kuingia. Saa 1:05, maharusi kuingia. (Hizo dakika tano zinagusa moyo, mtu anayeandika 1:05 ana imani kubwa kuliko wengi wanaohubiri.) Kisha sala, utambulisho wa meza kuu, utambulisho wa ukoo wa bwana harusi, wa bibi harusi, keki, kufungua shampeni, nasaha, ndafu, chakula, zawadi za wazazi, za wafanyakazi wenza wa maharusi, za majirani, za kamati, neno la shukrani, na chini kabisa, kwa herufi zilizobanwa ili zitoshe kwenye ukurasa, muziki. Ukumbi unafungwa saa 6 usiku. Sasa fanyeni hesabu. Maharusi wakiingia saa 1:05 kweli, mtu anayelipwa ili aongee atakuwa na karibu saa tano mkononi, na atazitumia. Kila shangazi atainuka peke yake, atatajwa jina, kazi na mkoa anakotoka, atapunga mkono, na kigelegele kitasubiriwa. Wakiingia saa 3:20, yule yule MC atasema: ukoo wa bwana harusi, simameni wote, mpungeni mkono, asanteni, kaeni. Hakuna mwenyekiti wa kamati aliyewahi kuwa na ujasiri wa kutoa amri hiyo. Na uzuri wake ni kwamba hakuna shangazi wa kununa, maana aliyemkata si wifi wala mkwe, ni saa.

Wanaotukana kuchelewa hudhani ni uzembe. Uzembe hauna mpangilio. Huku kuna mpangilio wa hali ya juu. Kamati huandika saa 12 kwenye kadi kwa kuwa inajua watu watakuja saa 1. Waalikwa, ambao nusu yao wameshakuwa wajumbe wa kamati kama hiyo, wanaijua hila hiyo, hivyo wanaanza kupiga pasi nguo saa 1. Maharusi, wakijua kwamba hakuna anayependa kuingia ukumbi mtupu, wanaongeza picha bustanini na kupitia tena saluni, na foleni ya Jumamosi inamalizia kazi. Matokeo yake watu mia tatu wasiowahi kusaini mkataba wowote wanafika pamoja, wamechelewa sawasawa. Isitoshe, hawa si waalikwa watupu. Walichangishwa, wakakumbushwa kwa simu, na kadi zao zilipimwa kwa mchango: ya mtu mmoja kwa huyu, ya wawili kwa yule. Mwenye hisa haamriwi saa ya kufika kwenye mkutano wake mwenyewe.

Pwani ililijua jambo hili kabla ya kumbi za viyoyozi. Taarabu ya harusi Zanzibar ni ya usiku, na katika mapokeo ya vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu kisicho na mwimbaji. Wenye elimu ya muziki watawaeleza asili yake ya Misri na Uturuki. Mpangaji wa ratiba ataona kitu kingine: wakati fidla na udi vinapishana, watu wanaingia, wanatafutana, wanakaguana nguo na kupata viti, na hakuna aliyechelewa kwa kuwa hakuna aliyeanza kuimba. Wimbo wenyewe nao haupimiki. Hurefuka kadiri wanawake wanavyoinuka kwenda kutuza, noti mkononi, wakienda kwa madaha na kurudi kwa madaha zaidi. Ni katibu gani atakayeandika dakika za madaha?

Anayetaka harusi ya kwenda na saa ana mfano wa kuutazama. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na ingawa saa zake zilibadilishwa, haikuondolewa hadi 20 Oktoba 2021. Sherehe za jioni zikahamia mchana, na kila aliyeandaa harusi alijua barabara ya kurudia nyumbani ina polisi. Hiyo ndiyo nidhamu inayoombwa katika kila kikao cha kamati. Ilipoondolewa, sijasikia kamati hata moja iliyoomba ibakizwe kwa ajili ya harusi.

Zipo hoja za upinzani, na ya kwanza ni kali: kinachokatwa mwisho wa ratiba si nasaha, ni muziki. Ni kweli muziki hupungua, lakini tazameni unavyochezwa. Ukianza saa 2 usiku, uwanja huachiwa wapambe na binamu mmoja aliyezidisha bia, wengine wakisubiri nani ainuke kwanza. Ukianza saa 5:15, hakuna wa kumsubiri mwenziwe. Mama mzazi anavua viatu, meza kuu inashuka, na mjomba aliyekuja na bakora anaiegemeza ukutani. Kuhusu chakula, pilau halina neno; makaa yakipaliwa juu ya mfuniko litasubiri. Anayeumia ni ndafu, anayesimama mezani na majani mdomoni, ngozi ikimeremeta saa 1 na kukunjamana saa 4. Ana haki ya kulalamika, ila hajafanya hivyo. Aliyefika saa 12 kamili naye huhurumiwa bure: ameegesha karibu na geti, amekaa chini ya feni, amekunywa soda ya baridi, na kwa wiki nzima atawaambia watu alifika saa ngapi. Mwenye hoja nzito ni asiye na gari, anayewaza daladala ya Mbagala. Kwake sina jibu la kumtosheleza, isipokuwa kwamba naye anaujua mchezo: huaga mara tu baada ya chakula, akaponea neno la shukrani.

Imebaki hoja ya fedha, kwamba ukumbi hutoza kila saa inayozidi, na mwenye muziki naye hunyoosha mkono. Hili lisiwasumbue. Mweka hazina amekwisha kulitengea fungu lake kwenye bajeti, chini ya mapambo na juu ya usafi, ameliandika "dharura", na katika fedha zote zilizochangwa hilo ndilo fungu pekee lisilowahi kurudi na chenji.