Oili ya Siberia Mjini Nkubu

Julai ikifika, wenye magari wa Nkubu hugeuka wataalamu wa barafu. Gia ya pili ikikaza asubuhi, bwana mkubwa wa makoti mawili humwambia fundi: nitilie oili ya gia ya 75W-90, tena sintetiki, hii baridi ya Mlima Kenya si mchezo. Hiyo 75W, mheshimiwa, hupimwa unato wake kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Sisi hapa migomba bado inazaa. Hata 80W, inayopimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ingekaa Nkubu na fulana.

Cha kuulizwa ni kama kitabu cha gari kinataka oili ya daraja la GL-4 au GL-5, kwa sababu baadhi ya GL-5, kwa wingi wa dawa zake za salfa na fosforasi, hula zile pete za shaba ya manjano zinazoingiza gia bila kelele. Hilo bwana mkubwa haulizi. Anauliza bei, anashtuka, kisha fundi anafungua nati ya chini ya giaboksi: panatoka uji mweusi usiojaza kikombe, wa tangu gari lishuke melini Mombasa.

“Huo hauwezi kuchujwa?”